Jina Lililobaki Kwenye Kadi

Kaka yangu mtaani wanamwita Hakiki. Si jina la sifa wala la matusi, ni jina la watu waliochoka. Ukimpelekea redio akakutengenezea, hakupi mpaka aiwashe, aizime, aiwashe tena, aipige kofi kidogo ubavuni, azungushe stesheni zote, halafu aseme, "Subiri nihakiki." Watu wamekaa kwenye benchi lake mpaka miguu ikafa ganzi. Akifunga mlango wa nyumba anarudi kuusukuma. Akiongea na mtu kwenye simu anamaliza kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe, kwamba umesema hivi, sivyo? Mimi nimelelewa naye, nimelishwa naye, na nakwambia kweli, kuna siku nilitamani kumtupia sufuria.

Lakini mtu wa namna hiyo siku akikosea, jamani, hakosei kidogo.

Meza yake ya kazi ilikuwa barazani kwa muuza viatu, chini ya bati. Jua likisogea, naye anasogea. Mvua ikinyesha anafunika runinga za watu kwa nailoni, mwenyewe analowa. Alichokitaka duniani ni chumba chenye mlango. Kulikuwa na kingine, ambacho hakuwahi kukitamka lakini mimi dada yake nilikijua: alitaka mama wa mke wake amhesabu kama mwana. Mama yetu sisi alitutoka mapema, mimi hata sura yake siikumbuki vizuri, na kaka alipooa alidhani amepata mke na mama kwa mkupuo mmoja. Aa wapi. Alipata mke. Yule mama alimwita "fundi" siku ya kwanza, akaendelea hivyo hivyo mpaka wajukuu wakazaliwa, na kaka akawa anaitikia "naam, mama" kwa sauti ya kubembeleza iliyokuwa inanikera mimi niliyesimama pembeni.

Huyo mama mkwe ndiye bosi wangu pia. Ana dobi kubwa, na mimi niko upande wa pasi. Sisi wafanyakazi tunamwita Bi Mkubwa. Alianza na beseni na kamba ya kuanikia, mjane, binti yuko mgongoni, na leo mashine zimejipanga ukutani zinanguruma kutwa. Amefika hapo kwa neno moja: hapana. Mteja akiomba apunguziwe, hapana. Ukiomba kutoka mapema, hapana. Mtu kapoteza kibandiko chake cha namba, na suti yake anaiona pale inaning'inia, anaapa, anakaribia kulia, hapana. Tena halitamki kwa hasira. Analisema huku anakunja shuka.

Wifi yangu, yaani mke wa kaka, ndiye aliyemtungia mama yake jina: Bi Hapana. Alilianza tangu yuko shuleni, kimoyomoyo, akalileta kwenye ndoa pamoja na vyombo vyake. Nyumbani kwao ndilo lililotumika. "Bi Hapana kapiga simu." "Leo Bi Hapana atapita, ficheni hizo soda." Mimi nilikuwa nacheka, nani asingecheka? Jina lilimkaa sawasawa. Halina ubaya, ndivyo tulivyokuwa tunaambizana, ni la humu ndani tu, la kucheka na kusahau.

Sasa twende kwenye mashine.

Bi Mkubwa alivunja ukuta wa mbele wa dobi akapata ukumbi mzuri wa kupokelea wateja, na shida ikawa kelele. Nguo zikiwa tayari sisi tunatoka kupaza sauti za majina, wenye majina yanayofanana wanagombana, mtu anaondoka na suruali ya mwenzake halafu kesho anakuja kutulaumu sisi. Kaka akamwambia: mama, tuweke runinga ukutani, namba za nguo zilizo tayari zitokee zenyewe. Watu wa pasi wakimaliza furushi wanabonyeza namba kwenye simu, inaonekana kule mbele. Kompyuta ya kufanya kazi hiyo haizidi kipande cha sabuni, itajificha nyuma ya runinga, hata hutaiona. Mimi nikatega sikio nisubiri lile neno. Bi Mkubwa akakunja foronya, akailaza juu ya zenzake, akasema, "Itakuwa tayari siku ya kufungua ukumbi?"

Kaka nusura aangukie kikapu cha nguo chafu.

Na kulikuwa na zaidi, ambalo kaka hakulijua. Siku zile Bi Mkubwa alianza kuja kusimama karibu na meza yangu ya pasi, mikono nyuma. "Binti, hebu nisikilize, uniambie nikikosea." Alikuwa anajifunza kuhutubia! Mwanamke aliyezoea neno moja maisha yake yote, sasa anatafuta mengi. "Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa kiume," anaanza, anakohoa, anarudia tangu mwanzo. Maneno yenyewe hayakuwa marefu. Kwamba huyu kijana alipokuja kumchumbia binti yake hakumtaka. Kwamba alikosea. Kwamba chumba cha pembeni, kile chenye mlango wa barabarani, kuanzia siku hiyo ni chake, afanyie kazi yake chini ya dari kama watu. Halafu mwisho: "Huyu si mkwe tena. Huyu ni mwanangu." Hapo ndipo alipokuwa anakwama. Anafika kwenye "huyu ni," anageukia mashine, anajifanya anaangalia povu. Mimi napiga pasi, machozi yananilenga. Akaniapisha nisimwambie kaka, na mimi na domo langu hili nikanyamaza kweli.

Jumapili mchana nikaenda kwao. Nyumba yao imepakana na dobi, ukuta kwa ukuta, hata mtandao wa dobi unafika sebuleni. Nikamkuta kaka ameondoa vyombo vyote mezani, laptopu yake kuukuu iko mbele yake, na juu ya kitambaa cheupe kuna kadi ya kumbukumbu, zile za kuweka kwenye simu, ndogo kama ukucha. Utadhani anataka kumpasua mtu. Akanieleza bila kuulizwa: ile kompyuta inatoka dukani haina akili yoyote. Akili yake yote, huo mfumo unaoiamsha na kuiambia ifanye nini, inakaa kwenye kadi. Kadi ikiwa tupu, umenunua sabuni isiyotoa povu.

"Si unakopi tu huo mfumo, unauweka humo?" nikasema. Mimi nimezoea kukopi nyimbo.

Weee! Utadhani nimemtukania marehemu. "Hukopi! Ukikopi, faili litakaa humo kama mgeni, na mashine haitalijua, itakutolea macho tu. Hii inaandikwa. Programu inafuta kadi yote, inaipanga upya kuanzia chini, inaandika mfumo mzima. Halafu," akanyanyua kidole, uso unang'aa, "halafu inahakiki. Inasoma tena kila ilichoandika, inalinganisha."

"Mmepatana," wifi akasema kutoka kwenye kochi, anamsuka binti yao. Tukacheka wote, na kaka mwenyewe akacheka.

Kabla ya kuandika, programu inakuuliza maswali. Mtandao gani, neno la siri la mtandao ni lipi, saa za wapi, na kompyuta iitwe nani. Neno la siri la dobi Bi Mkubwa alilitunga mwenyewe ili watu wasimwibie mtandao, refu hilo, herufi na tarakimu zimevurugwa, kaka akalikosea akalirudia mpaka jasho likamtoka. Alipofika kwenye jina akasita. "Tuiite nani?"

"Si inakwenda kwa Bi Hapana?" wifi akasema, wala hakuinua macho kwenye nywele za mtoto. "Iite Bi Hapana."

Kaka akacheka kile kicheko chake cha puani. Hii ni kadi ya majaribio tu, akasema, ya dobi nitaandika nyingine mpya. Akaandika: bi-hapana, kistari katikati kwa sababu mashine haikubali nafasi. Akabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo, tukala, tukaondoa sahani, ukafika mwisho. Akachomeka kadi, akawasha, mashine ikaamka, na namba za mfano zikatokea kwenye runinga yao, kubwa kubwa. Maandishi yote ya ile mashine aliyafanya makubwa ili mama asome bila kutafuta miwani. Alihangaika na hilo la ukubwa kuliko jingine lolote, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anafumba jicho moja, anauliza, "Kwa mama hapa itatosha?"

Kadi ya dobi yenyewe aliiandika barazani, siku moja kabla ya sherehe, wateja wamemzunguka, huyu anataka rimoti yake, yule anataka kujua feni imekufa au bado. Kadi mpya kabisa, kaitoa kwenye pakiti. Programu ikamuuliza: tutumie majibu yale yale ya mwanzo? Akalikumbuka lile neno la siri, na jasho lake. Akabonyeza ndiyo. Programu ikaandika, ikahakiki, ikamwambia kila kitu ni sahihi. Na kilikuwa sahihi, kama kilivyoagizwa. Ukiiwasha ile mashine huoni jina lolote, inapita haraka na namba zinajitokeza. Kaka aliiwasha na kuizima pale ukutani dobi mpaka Bi Mkubwa akamwambia, "Fundi, itachoka." Alihakiki waya, misumari, mtandao, sauti. Hilo jina alikuwa ameshalisahau.

Asubuhi ya sherehe ukumbi ulijaa. Wateja, majirani, muuza viatu na mkewe, mwalimu mmoja ambaye mashati yake nayajua kuliko anavyoyajua yeye. Kaka kavaa koti nililolinyoosha mimi mwenyewe. Wifi anapitisha soda. Mimi kwenye meza yangu ya pasi, pale nyuma ya ukumbi, nikabonyeza namba kwenye simu, ikatokea kwenye runinga, mwalimu akaangalia kibandiko chake, akaruka, "Mimi huyo!" akakabidhiwa nguo zake, watu wakapiga makofi. Hakuna kelele, hakuna ugomvi wa suruali. Bi Mkubwa alikuwa amesimama chini ya runinga na gauni lake jipya, anatabasamu midomo imefungwa. Akanitupia jicho. Nikajua sasa ndiyo hotuba. Moyo ukanienda mbio kama ni mimi ninayehutubia.

Kijana wa muziki ndiye aliyetuharibia, ingawa simlaumu. Alitaka kutuwekea wimbo kabla mama hajasema, akachomeka spika zake kwenye waya uleule wa pasi ya mvuke. Pu! Umeme wote chini. Mashine zikanyamaza, watu wakaguna "aaah," mtu akaenda kuinua swichi, taa zikarudi. Runinga ikawaka. Lakini kile kisanduku cha mtandao kinachelewa kuamka, na ile kompyuta ndogo iliamka kabla yake, ikatafuta pa kuchukua namba, haikupata. Basi ikabaki na kioo cheusi, inasubiri mwenye nayo ajitambulishe. Na inapokusubiri hivyo, inakuandikia jina lake.

bi-hapana, herufi nyeupe juu ya weusi. Mbele yake kimstari kinawaka na kuzimika. Na yale maandishi kaka aliyafanya makubwa.

Mimi nililiona kabla ya watu. Nilikuwa nimeshika pasi, nikajiunguza kidole nisisikie. Nikamtazama kaka. Alikuwa bado anatazama swichi.

Muuza viatu ndiye aliyesoma, ana sauti ya mnadani huyo. "Bi... Hapana!" Halafu, "Jamani, hata mashine inamjua!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwalimu alicheka. Mke wa muuza viatu alicheka akalia. Hawakucheka kwa ubaya, nataka uelewe hilo, ni watu waliokuwa na furaha zao. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza Bi Hapana ni nani. Jina lililotungwa chumbani, hawajawahi kulisikia, na kila mmoja alijua ni la nani.

Bi Mkubwa aligeuka kutazama kile ambacho watu wote walikuwa wanakitazama. Alisoma bila miwani.

Kaka alifika kwenye runinga, sijui alipita juu ya nani. "Ni jina la mashine tu, mama," anasema, mikono inapapasa nyuma ya runinga, "zinatoka nalo kiwandani."

"Kwani kiwandani wanaongea Kiswahili?" mtu akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Uso wa kaka, sijui nikueleze vipi. Mimi nimemwona amelowa, nimemwona amelala njaa ili nile mimi, sijawahi kumwona akitafuta ardhi ipasuke. Alichomoa waya, runinga ikawa nyeusi, watu wakatulia kidogo. Akachomeka. Maandishi madogo madogo yakapita mbio, yeye anayasukuma kwa macho, twende, twende. Yakasimama. bi-hapana. Akanyoosha mkono auchomoe tena.

"Acha," Bi Mkubwa akasema. "Usiiguse."

Kaka akaacha mkono hewani.

"Nilikuwa na maneno," Bi Mkubwa akawaambia watu. "Nimejifunza kwa shida, sitayatupa." Watu wakacheka tena, kwa heshima sasa, wakidhani ni mzaha wake. Akakohoa. "Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa kiume." Na akaendelea, lile jina linawaka juu ya kichwa chake. Neno kwa neno kama alivyoniambia mimi kwenye pasi, hakuruka hata moja. Kwamba hakumtaka huyu kijana. Kwamba alikosea. Alipotaja chumba cha pembeni, kaka aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti. Nikamwomba Mungu aishie hapo. Nilijua kinachofuata, na nilitamani asahau, akwame kama alivyokuwa anakwama siku zote. Hakukwama. "Huyu si mkwe tena," akasema, anatazama ukuta wa mbele, "huyu ni mwanangu." Sauti haikutetemeka hata chembe. Watu wakapiga makofi mengi, wakamgeukia kaka wampongeze, wakampiga piga mabega, na yeye amesimama kama mtu anayechapwa.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na wala si mimi niliyeandika. Nilitamani Bi Mkubwa amtukane. Angemtukana, angemfukuza mbele yetu, tungelia, tungeomba radhi, mambo yangekwisha. Lakini kupewa vyote ulivyovitamani huku jina la kejeli uliloliandika liko ukutani, hapana jamani, afadhali kofi.

Sherehe haikuchukua muda baada ya hapo. Kila mtu alikumbuka ana kazi. Mtandao ukarudi, namba zikajitokeza zenyewe, nzuri, safi, hakuna wa kuzitazama. Tukabaki wanne. Mimi naokota chupa. Bi Mkubwa amekaa kwenye benchi la wateja, kavua viatu, anajikanda mguu. Kaka anakusanya nyaya za spika ambazo si zake. Wifi yuko mlangoni na trei ya bilauri, haingii wala hatoki.

"Mama," kaka akasema, "nisamehe."

"Lile jina si la mashine."

"Si la mashine, mama."

"Ni langu."

Kaka akaitikia kwa kichwa.

Bi Mkubwa akaendelea kukanda mguu. "Wateja wananiita mabaya kuliko hilo, nayasikia. Siwalaumu, mtu anataka suti yake. Na hata ulichoandika, ni kweli, mimi ndivyo nilivyo. Ningekuwa mtu wa ndiyo, ndiyo, mwanangu angekua anakula nini?" Akavaa kiatu kimoja. "Mimi nauliza kitu kimoja tu, fundi, na uniambie kweli. Nyumbani kwenu, nani ananiita hivyo?"

Trei ikalia mlangoni, bilauri zinagongana.

Kaka hakugeuka kule. Alinitazama mimi. Yale macho nayajua tangu utotoni, ndiyo yaliyokuwa yananiambia nisiwaambie watu kwamba hatujala. "Ni mimi," akasema.

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Na mwanangu?"

"Hajawahi. Nikilitaja anakasirika. Amenikataza."

Sema basi! Nilimpigia wifi kelele moyoni mpaka nikahisi ananisikia. Sema, mwanamke, wewe ndiye uliyelitunga, wewe ndiye uliyemwambia aandike! Wifi alikuwa anatazama bilauri, machozi yanamdondokea kwenye trei. Akafungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Mama yake akainuka na kiatu kimoja mguuni, akachechemea mpaka kwake, akampokea ile trei, akamfuta uso kwa kiganja.

"Usilie, mama," akamwambia, "wewe una kosa gani?"

Wifi akaufunga mdomo. Na mimi, ninayejua kusema mpaka nasemwa, nilishika chupa zangu nikanyamaza. Aibu hiyo ninayo mpaka sasa hivi ninapokuhadithia.

Bi Mkubwa akashusha pumzi, mabega yakamshuka, na uso wake ukawa mwepesi, kama mtu aliyetoka kwa daktari akaambiwa si ugonjwa ule. "Afadhali," akasema. "Jamani, afadhali. Nimesimama pale nahutubia huku moyoni nasema, kama ni huyu mwanangu nitafanyaje? Huyu niliyembeba mgongoni nikifua? Nisingeinuka tena." Akamgeukia kaka, tena kwa upole, kwa upole kabisa, hajawahi kusema naye kwa sauti ile. "Lako nitalisahau, usijali. Chumba ni chako, nimesema mbele za watu. Lako halinifikii sana, kwa sababu wewe hukutoka tumboni mwangu. Wewe ni mtu wa nje. Sivyo?"

Wifi alimtazama mumewe. Nilimtazama na mimi. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema neno jingine.

"Ndivyo, mama," kaka akasema. Akainama, akaendelea kukunja waya.